Kioo cha Damu ya Mbwa

Daktari wa wanyama amepangusa sikio la mbwa wangu kwa spiriti, na harufu hiyo imenirudisha utotoni, zizini kwetu kijijini Dirma.

Ng'ombe wetu alikuwa na homa. Bwana mifugo alimpangusa sikio hivyo hivyo, akalitoboa, akapaka tone la damu kwenye kioo chembamba ili likapimwe mjini. Pembeni alilala mbwa wetu wa kuchunga, fizi nyeupe, hana nguvu hata ya kufukuza nzi. Kupe wale wale waliomsumbua ng'ombe walikuwa wamemjaa masikioni.

"Shikamoo," nilimwambia bwana mifugo. "Na mbwa wetu hapimwi?"

"Marahaba. Kwani mbwa mnamkamua?"

Baba alicheka. Wote wawili walicheka, na boksi la vioo lilikuwa wazi pale pale!

Majibu yalipokuja, ng'ombe alichomwa sindano iliyomfaa, akapona. Mbwa alipokufa, nyumbani walisema amelogwa. Amelogwa! Nilimfukia nyuma ya zizi, na yule ng'ombe amesimama pale anacheua.

"Subiri kidogo," daktari ananiambia sasa, anaweka kioo chini ya hadubini. "Dakika chache tu tutajua anaumwa nini."

Dakika chache. Nimetoka nje haraka, nisije nikamtukana mtu asiye na kosa.