Mwalimu Aliyetembea Siku ya Sabato

Habari ya kifo chake ilinifikia Jumatano asubuhi, nikiwa nimepaka povu nusu ya uso. Aliyepiga simu ni rafiki yangu wa Ogembo, mwalimu mstaafu kama mimi, mtu asiyejua kuzunguka mbuyu. "Yule Mwalimu wa viziwi na wasioona amepumzika," alisema. "Tunamzika wiki ijayo nyumbani kwake, huko Kenyenya. Wewe ndiye mwenye kalamu. Familia inakuomba uandike wasifu wa kusomwa siku hiyo." Nilimjibu kwamba nimebanwa na mafua. Sikuwa na mafua. Nyinyi mnaonisoma kila wiki mnajua nimewaandikia marehemu wengi wasifu, wengine hata hawakustahili sentensi mbili, na sijawahi kukataa. Huyu nilimkataa kwa sababu wasifu wake ungenilazimisha kuruka mahali fulani, na mahali hapo ndipo nilipo mimi. Basi naandika hapa, na siruki.

Alikuja upande wetu wa Kebirigo mwishoni mwa miaka ya sitini, mwanamke mrefu aliyevaa viatu vya kiume kwa ajili ya matope yetu, akiwa na sanduku moja la nguo na jingine la karatasi nene zenye nukta za kusomwa kwa vidole. Alikuwa amesomea mbali namna ya kuwafundisha watoto viziwi na wasioona, na hapa kwetu hakuna aliyekuwa amemwomba arudi na elimu hiyo. Aliambiwa atafute watoto kwanza, darasa litafuata. Akapewa kibanda kilichokuwa kikitumiwa kukaushia pareto, ambacho harufu yake haikuisha hata baada ya kupigwa chokaa mara mbili. Kwa kuwa hakuwa na vifaa, alisafiri mpaka kwa wachongaji wa Tabaka akawaomba wamchongee vigae vya jiwe la sabuni, kila kigae na vinundu vyake, na mtoto asiyeona akajifunza herufi kwa kupapasa jiwe lile lile ambalo wenzetu walilinunua kama pambo la mezani. Sisi vijana tuliokuwa tumetoka chuoni juzi, wenye vyeti na tai, tulikuwa tukipita tukichungulia dirishani. Kibanda chake tulikiita chuo kikuu, tukacheka wenyewe.

Kufundisha hakukumsumbua. Kilichomsumbua ni kuwapata hao wa kufundishwa. Sisi hatuna desturi ya kuhesabu watoto kwa sauti mbele ya mgeni. Ukimuuliza mzazi ana wangapi, atakujibu kwamba wapo, Mungu amesaidia. Kwa hiyo mtoto ambaye hamtaki aonekane ni rahisi sana asiwepo. Mwalimu alizunguka boma kwa boma mwaka mzima akakaribishwa uji, akaombewa dua, akarudi mikono mitupu. Ndipo akagundua jambo ambalo sote tulilijua na hatukulisema. Sisi ni watu wa Sabato. Jumamosi asubuhi nyumba nzima inaoga, inavaa, inakwenda kanisani, na anayebaki nyumbani ni yule wa kubakishwa tu. Tulikuwa na maneno yetu mazuri ya kulieleza hilo: "Huyo anabaki kulinda boma." Mwalimu, ambaye mwenyewe alikuwa mshiriki wa kanisa letu, akaacha kuja ibadani. Saa ile sisi tunaimba, yeye alikuwa njiani akitazama ni jiko la nani linatoa moshi. Akifika penye mlango uliofungwa kwa nje, anaita. Asipojibiwa anapiga ukuta kwa kiganja, kwa sababu mtoto kiziwi huusikia ukuta kwa mwili wake, kisha anangoja. Mara nyingi ukuta ulipigwa kwa ndani.

Kwetu aliyebaki kulinda boma alikuwa dada yangu. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, kiziwi tangu alipougua akiwa mchanga, na mcheshi kuliko sisi sote. Hatukumpiga, hatukumnyima chakula, na kwa hilo tulijiona watu wema. Lakini mwaka ule nilikuwa nimechumbia. Wazee wa upande wa msichana walikuwa wametuma esigani, yule mshenga wetu ambaye kazi yake ni kuuchunguza ukoo kabla ya ng'ombe kutoka zizini: je, kuna wachawi, kuna wendawazimu, kuna kasoro inayotembea katika damu? Nilikuwa nampenda yule msichana hata hamu ya kula ilinipotea. Nikamwambia mama, tafadhali, kwa miezi hii michache, dada asionekane barabarani.

Jumamosi moja nilitoka kanisani mapema nikawakuta uani. Mwalimu alikuwa ameketi chini, ameviweka vidole vya dada yangu kooni mwake mwenyewe, akitoa sauti ndefu, na dada alikuwa anaijibu. Sikuwa nimewahi kumsikia akitoa sauti ya namna ile, nzito na ya furaha, na badala ya kufurahi nilitupa macho barabarani nione kama kuna anayepita.

"Tata," aliniita, kama mama zetu wanavyowaita vijana wao kwa mapenzi. "Huyu ana akili huyu. Jumatatu nitakuja kumchukua."

"Mwalimu, ngoja kidogo. Kuna wageni tunawatarajia."

Alinitazama akaelewa mara moja. "Esigani?"

"Ee."

"Sasa wewe unafikiri wakimkuta anaandika jina lake watakimbia?"

"Nipe mpaka baada ya arusi. Nitamleta mwenyewe kwa mkono wangu."

"Umesema?"

"Nimesema."

Alijipangusa vumbi akaondoka. Dada alimfuata mpaka kwenye ua, nami nikamshika mkono nikamrudisha ndani. Nilifunga mlango kwa nje.

Ningekuwa mtu wa kusubiri tu, labda leo ningekuwa na nusu ya aibu hii. Sikusubiri. Pamoja na ahadi yangu, nilihofu kwamba Jumatatu ingefika naye angefika nayo, achukue mkono wa dada yangu aupitishe sokoni Kebirigo mbele ya macho ya watu. Kwa hiyo Jumapili nilikwenda kwa mzee wa kanisa, ambaye mimi nilikuwa karani wake kwa sababu ya mwandiko wangu mzuri, nikamweleza kwa masikitiko ya uongo kwamba yuko mshiriki anayefanya kazi ya mshahara siku ya Sabato. Sikutaja dada, sikutaja esigani. Nilitaja amri ya nne. Baraza likaketi jioni ile ile.

Mwalimu aliitwa akaja na viatu vyake vya matope. Alipoulizwa kama ni kweli hufanya kazi Sabato, alisema, "Natembelea waliofungiwa. Mnisomee mahali palipokatazwa." Mzee akamwambia anaweza kuwatembelea siku nyingine. "Siku nyingine mnakuwepo, wazee wangu," alijibu, "na mkiwepo nyinyi, wao hawapo. Sabato ijayo waleteni hapa kanisani, wote mnaowajua, na mimi nitakaa benchi la kwanza mpaka jua litue." Mzee mmoja alikohoa. Mimi nilikuwa nimeinamia daftari, na nilijua kwamba alikuwa ameniona, na kwamba angeweza kunyoosha kidole aseme, muulizeni karani wenu nilimkuta nani kwake jana. Hakunyoosha. Aliitunza siri ya nyumba yangu huku nikimchimbia shimo. Ikapigwa kura ya kumwondoa katika ushirika, nami nikainua mkono, kisha nikaushusha mkono huo huo nikaandika uamuzi kwa herufi za kupendeza.

Wazazi wachache waliokuwa wamethubutu kumpa watoto walikuwa washiriki wetu. Kabla ya mwezi kwisha walikuwa wamewarudisha nyumbani, maana nani atamwachia mwanawe mtu aliyetengwa? Kibanda kikarudishiwa pareto. Yeye alifunga masanduku yake, akahamia milima ya Kenyenya kwa watu ambao hawakuuliza anasali wapi, akaanza upya na mtoto mmoja, na huko ndiko ilikokua shule ambayo leo kila mtu anaisifu. Mimi nilioa. Miaka kadhaa baadaye, tukiwa tunamenya ndizi, nilimwuliza mke wangu kama kwao walipata kujua habari za dada. Alicheka sana. "Esigani alijua kabla hajafika kwenu," alisema. "Shangazi yangu alimwuliza kitu kimoja tu: wanamlisha? Akaambiwa anakula sahani moja na mama yake. Shangazi akasema, basi hao ni watu." Niliendelea kumenya. Kwa hiyo nilimuuza dada yangu, na mwalimu pamoja naye, ili niwafiche watu jambo walilolijua na ambalo halikuwasumbua.

Mtauliza kwa nini sikurekebisha. Nafasi niliipata. Katikati ya miaka ya sabini nilikutana na Mwalimu mjini Kisii, nje ya duka la vitabu, amekumbatia furushi la karatasi zake nene. Nilijiandaa kwa maneno makali. "Tata, dada yako hajambo?" ndilo neno la kwanza alilosema. Nikamwambia hajambo, ni msichana mkubwa sasa. "Mlete hivyo hivyo," alisema. "Ninao wakubwa kuliko yeye, na wanajifunza. Njoo naye muhula ukifunguliwa." Nilisema ndiyo, na wakati huo nilimaanisha. Nikafika nyumbani, nikamkuta dada na kikapu mgongoni katika chai tuliyokuwa tumeipanda, vidole vyake vikienda kuliko vya mtu yeyote kijijini, na nikaanza kupiga hesabu ya nani atachuma akiondoka. Mara ya kwanza nilikuwa na woga, na woga wa kijana naweza kuueleza. Mara ya pili sikuwa na woga wowote. Alishakuwa wa faida kwetu.

Siku hizi mikutano ni mingi, na kila kiongozi akishika kipaza sauti husema hakuna mtoto wa kuachwa nyuma. Sina neno nao. Ila nikipita vijijini asubuhi ya ibada, iwe Jumamosi kwa sisi au Jumapili kwa Wakatoliki, bado naona moshi kwenye majiko ya watu waliokwisha kwenda kanisani. Wanaofungiwa hawafungiwi na majitu. Wanafungiwa na watu kama mimi, wenye tai, wanaowapenda, ambao wana wageni wanaowatarajia na wanaomba wangojewe kidogo. Hakuna aliyewahi kuniita mkatili. Nimekuwa mzee wa kanisa, nimekuwa mwalimu mkuu, nimepewa safu hii niwaelekeze wengine.

Nilikwenda mazishini Alhamisi, bila mafua, na nilimchukua dada. Ana mvi nyingi kuliko mimi. Wanafunzi wa Mwalimu walikuwa wamejaa uwanjani, wengine wazee wenye wajukuu. Mmoja asiyeona alisoma Zaburi kwa vidole bila kukwama hata neno moja, na viziwi walikuwa wamesimama kando ya mgomba wakizungumza kwa mikono, wakibishana, wakilia, wakikumbushana mambo, nadhani, kwa kuwa ghafla walicheka wote pamoja. Dada yangu aliwaona. Aliniacha akaenda mpaka katikati yao, akasimama akiitazama mikono yao, mmoja baada ya mwingine. Mama mmoja wa rika lake alimgeukia kwa uso mkunjufu akamwambia jambo kwa vidole, taratibu, kama mtu anayeuliza jina. Dada aliitazama mikono ile. Akaitazama yake. Kisha akanigeukia mimi, kaka yake, ambaye yeye alikuwa akimtegemea kwa kila kitu, akiniomba kwa macho nimwambie yule mama anasema nini.

Sikujua. Anayetaka kuomba msamaha na aombe mapema, wakati aliyemkosea bado anaweza kupewa alichonyimwa. Mimi nilichonacho cha kumwambia dada yangu ni mengi, na nilihakikisha mwenyewe, mara mbili, kwamba hataweza kuyasikia.