Rais Asiyeruhusiwa Kufa Ladypool Road

Saa nne asubuhi, Jumamosi. Ladypool Road, mjini Birmingham, Uingereza, imeshajaa harufu ya vitunguu vinavyokaangwa. Nyuma ya duka la vifaa vya simu, katika chumba chenye kiti kimoja na pazia, Nabintu anagawa nywele za mteja kwa mkia wa chanuo. Vidole vinakwenda, na mdomo haubaki nyuma.

"Sasa Lincoln iko na miaka tisa, mama yake anakufa," anasema. "Baba anatengeneza sanduku. Mutoto anachonga vijiti vya kufungia mbao."

Mteja anatikisa kichwa kana kwamba msiba uko nyumba ya pili. Nabintu anamrudisha sawa kwa kiganja. Kichwa kinachotikisika hakisukiki.

Nabintu, 44, ni msusi aliyetoka Bukavu, Kongo. Rasta za wastani anatoza pauni themanini, na anayezitaka hukaa hapo nusu siku. Zamani wateja waliumaliza muda huo kwa simu na umbea. Tangu mwaka jana wanaumaliza na Abraham Lincoln, rais wa Marekani aliyekufa kabla babu zao hawajazaliwa.

Kitabu alipewa na Cheryl, jirani yake huko Kingstanding, aliyekuwa akipunguza vitu vya marehemu mumewe. Ni wasifu unaosifiwa sana, mnene kama tofali. "Cheryl aliniambia bwana yake alikipenda kuliko alivyomupenda yeye," Nabintu anacheka.

Hukisoma ndani ya basi, kwenda na kurudi, kamusi ikiwa kwenye simu. Akifika dukani anakisimulia kwa Kiswahili.

"Huyu muzee alisoma kwa kuazima vitabu," anasema. "Mimi niliachia école kwenye sixième primaire, darasa la sita. Nikasema, bon, tutaenda naye mpaka mwisho."

Wateja wakanogewa. Rasta ndogo huchukua muda mrefu kuliko nene, na muda mrefu ni hadithi ndefu. Wanawake waliozoea kusukwa harakaharaka wakaanza kuomba ndogo. Walitoka na vichwa vinavyowauma, lakini hadithi imeshafika vitani.

Tatizo lilikuwa mwisho. Siku alipofika pale rais na mkewe wanapojiandaa kwenda kutazama mchezo wa kuigiza, Nabintu alikifunga kitabu ndani ya basi, akatoa mpira wa nywele mkobani na kuzibana kurasa zilizobaki. Kilichofuata alikijua tayari. Dukani akatunga mwisho wake: Lincoln alistaafu, akarudi kwao, akafungua tena ofisi ya uwakili na kunenepa kidogo.

Aliyemnasa ni Fartun, muuguzi aliyekulia Garissa, mteja wake wa miaka mingi. Majuma mawili yaliyopita alivuta pazia, akavua mtandio, akaketi, akasukwa mpaka nusu.

"Mama Déborah, huyo mzee wako hakuretire," alisema taratibu. "Nimegoogle. Alipigwa risasi kwa theatre, bibi yake akiwa amemshika mkono. Mbona utudanganye na sisi ni watu wazima?"

Anayefagia chumba hicho kila Jumamosi ni binti yake, Déborah, 17, aliyezaliwa Birmingham, anayeelewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza. Fagio lilisimama. Kwa Kiingereza, kama kawaida yake, alimuuliza mama yake kama na kifo cha baba alikitunga hivyo hivyo.

Maana Déborah aliambiwa siku zote kwamba baba yake, Arsène, alikufa kwa malaria, usingizini, kabla yeye hajazaliwa. Ilikuwa funika kombe mwanaharamu apite. Siku hiyo kombe lilifunuka.

"Sikutaka mutoto akue na ile picha," anasema Nabintu, machozi yakimlenga. "Lakini nikamwambia: walimupiga risasi, kwenye sherehe ya ndoa ya watu. Na mimi nilikuwa nimemushika mukono."

Alilia, wala hafichi, huku kichwa cha Fartun kikiwa kimesukwa nusu. Zaidi ya hapo hasemi. Yaliyobaki, anasema, hayawezi kuwa ya gazeti kabla hayajawa ya mtoto.

"Hakuna marefu yasiyo na ncha," Fartun alimwambia, akimpa kitambaa. "Maliza hicho kitabu, mama. Sisi tutakaa."

Amekimaliza leo asubuhi, akiwa kwenye basi. Ule mpira wa nywele sasa ameuvaa mkononi, juu kidogo ya saa. Mteja aliyeko kitini ni mgeni, ndiyo kwanza anaanza na yule mtoto wa miaka tisa, na Nabintu ameapa kumfikisha hadi ukurasa wa mwisho bila kubadilisha kitu.

"Hata akilia," anasema. "Tutalia, kisha nitaendelea kusuka."

Jumatatu chumba hiki hufungwa. Jumatatu ijayo kitafunguliwa kwa mteja mmoja tu. Déborah amekuwa akitaka rasta nene, za kumalizika upesi, arudi kwenye simu yake. Jana jioni mama yake alimuuliza safari hii anataka zipi.

Binti alijibu kwa Kiswahili.

"Ndogo, mama. Ndogo kabisa."