Siku Nilipomkojolesha Zaina

Chekeni basi, maana nimeshachoka kuficha: niliwahi kujikojolea mbele ya baba mkwe, mchana kweupe, katika chumba cha picha cha hospitali kule Kasongo, enzi za Wabelgiji.

Binti yangu Zaina alikuwa anashikwa na homa kila mara, mkojo unamchoma, mpaka daktari akasema huenda mkojo badala ya kutoka unarudi juu kwenye figo na kuziharibu, ila ili aone ni lazima ampige picha ya eksirei akiwa anakojoa. Mara ya kwanza Zaina alijibana (nani alimfundisha kwamba mtoto mwenye adabu hakojoi akiwa amelala? mimi), picha ikashindikana, na baba mkwe, aliyetusindikiza kwa miguu kutoka Wamaza, akasema ikishindikana tena tunarudi nyumbani kwa dawa za mizizi. Nikajiapia moyoni kwamba sirudi bila jibu.

Asubuhi ile muuguzi akaagiza mtoto anywe maji mengi. Akagoma: "Kunywa wewe kwanza, mama." Nikaona si neno, nikanywa, kikombe changu kikombe chake, na kwa kuwa yeye alikuwa anaonja tu, mengi yaliingia kwangu.

Basi akalazwa mezani, wakamtia kibofuni kwa mpira mwembamba dawa inayoonekana kwenye picha, baba mkwe akaitwa kumshika mabega (babu na mjukuu ni watani), mimi nikajibanza kando ya mlango, maana kwetu mkazamwana hata chakula hali mbele ya baba mkwe. Muuguzi akatafsiri Kifaransa cha daktari kwamba akojoe sasa. Zaina akajibana tena. Nikaanza kumpigia shii, shii, kama anavyopigiwa mtoto mchanga, muuguzi naye anamimina maji kwenye beseni, mimi nimebanwa lakini sitoki, nazidisha shii, mara nikasikia joto miguuni, na sakafu ya saruji haifichi kitu.

Zaina akageuza shingo. "Babu, mama iko nakojoa." Akacheka mpaka tumbo likatikisika, na kwa kicheko kile akaachia. Daktari akapiga picha.

Ilipooshwa ikaonekana wazi: mkojo ulikuwa unapanda hadi kwenye figo moja, na dawa ipo. Nilisimama pale nimelowa, natamani ardhi inimeze. Baba mkwe akageukia ukuta, akamwambia muuguzi, si mimi: "Ambia mama ya mutoto, tunabaki hapa mupaka apone."

Tangu siku ile nimeapa sinywi maji ya kumbembeleza mtoto. Lakini ingekuwa ni kwa figo za Zaina, ningelowa tena mbele ya Kasongo nzima.