Karim, Nani Ataionja Halua?

Assalaam alaikum, nyote mnaosita kwenye ukuta huu wa mkahawa kusoma. Hamjambo? Majumbani wazima? Mimi, Salim mpika halua, mwili wasimama, alhamdulillahi, lakini moyo umechoka.

Karim hatunaye. Telegramu imemfikia mamake kutoka Bombay: homa ya matumbo.

Mpaka sasa halijaniingia akilini. Mtu aliyetukera miaka yote ati tuchemshe maji ya kunywa!

Kwa msiomjua: Karim ndiye mwenye duka la vitambaa karibu na Ngome, aliyelifunga akiwa mtu mzima, akapanda meli kwenda kusoma biokemia katika chuo kikuu cha serikali huko Bombay. Baraza zima tulimcheka. Lakini babake alikufa kwa ugonjwa wa sukari, naye akataka kujua sukari yamfanya nini mtu ndani.

Alipokuja likizo hatukula kwa raha. Ukishika mkate, akueleza unavyoanza kugeuka sukari kwa mate yako, hata hujameza. Sasa mtu afanyeje, ateme?

Lakini alilolifanya kwenye jiko langu ndilo lililonitoa roho. Natoka msikitini asubuhi, namkuta ameinamia makaa yangu, kashika kichupa chembamba cha kioo kwa koleo, dawa ya buluu yachemka. Nikamuuliza ni nini. Kumbe ni mkojo wangu, niliompa nikidhani aupeleka kwa daktari!

Nikamwambia hiyo ni najisi, na hapa hupikwa chakula cha watu.

"Najisi utaitoa kwa maji, Bwana Salim," akanijibu. "Hii nyekundu hutaitoa kwa maji."

Nikatazama. Buluu imekuwa rangi ya tofali; ndiyo sukari hiyo, akasema, imejaa mwilini.

Basi akanikataza halua. Mimi! Nikamuuliza nitajuaje kama imekolea. Akachukua upawa, akaonja yeye. Likizo nzima ikawa hivyo, kila sufuria, na ulimi wake, nisimdhulumu, ulikuwa wa haki.

Siku aliyorudi kwenda kufanya mtihani wa mwisho, akanishika mkono bandarini. "Usionje mpaka nirudi. Apa." Nikaapa, ili aniachie mkono.

Tangu hapo napika kwa macho na pua. Wateja walalamika: hiliki imezidi, samli haikutosha. Nami nawaambia wasubiri, Karim yuaja.

Yuaja wapi? Mtihani hakuufanya. Kazikwa huko huko, sisi tumemswalia ghaibu baada ya Ijumaa, tukarudi makwetu mikono mitupu. Nami nimebaki na kiapo kisicho na mwisho.

Mamake ameniambia nitoe kafara ya kuvunja kiapo, nionje, mwanawe hatakasirika. Nikarudi nyumbani, nikachukua ile dawa ya buluu aliyoniachia, nikauchemsha mkojo wangu mwenyewe. Nyekundu haikuja. Ilikuwa kijani, tena hafifu: sukari imeshuka.

Hilo ndilo liniudhilo zaidi, Karim. Ulikuwa na haki, na hupo nikakubishie.

Haya, ndugu yangu. Umri wako wote umetuuliza maswali. Sasa ni zamu yako kuulizwa. Mola akuthibitishe ulimi, akupanulie kaburi. Lala, jiko langu nimekusamehe.

Nanyi mliobaki: kiapo sikivunji. Namtafuta mtu mwenye ulimi wa haki aje anionjee sufuria ya Alhamisi. Tafadhali nijibuni upesi.