Mbwa wetu wa Gerezani alivyotolewa uvimbe wa fuvu kwa patasi ya seremala

Wakuu, mmeniamkia? Haya, marahaba.

Mimi bibi yenu, shule niliishia darasa la pili, naandika kwa kidole kimoja. Ila uongo sijui.

Nimeona humu mtu anauliza: mbwa wake ana nundu ngumu kichwani, amwekee sumu? Tulia kwanza, usome.

Miaka ile ya Ujamaa, ya foleni ya sukari, tulikaa mtaa wa Gerezani, mjini. Marehemu mume wangu alikuwa seremala. Mbwa wake wa kulinda mbao aliitwa Mnyapara, jina lililomkera balozi wetu wa nyumba kumi. "Wanyapara tuliwafukuza na mkoloni, nyie mnafuga!"

Mimi Muislamu. Chakula nilimrushia kwa mbali, sikuwahi kumgusa.

Basi akaota nundu juu ya jicho. Ilianza kama kokwa ya tende, ikafika yai la kuku. Jicho likasukumwa nje, akawa anajigonga kwenye mbao. Balozi akasema hicho kichaa, Jumatatu analeta mwenye bunduki.

Alhamisi akaja kijana wa Kichaga, daktari wa mifugo, kuchukua meza aliyoagiza. Akamshika Mnyapara kichwa, akabonyeza taratibu.

"Mama, huyu hana kichaa. Ni uvimbe wa mfupa, umeota kwenye fuvu. Nikiutoa wote anaweza kupona. Nikibakisha, unarudi."

"Utautoa na nini?"

Akamgeukia mume wangu. "Fundi, patasi yako nyembamba kuliko zote ipo?"

Vifaa vilikuwa shida, msicheke. Mume wangu aliinoa mpaka inanyoa ndevu. Nikaichemsha kwenye sufuria yangu ya pilau (sikuipikia tena).

Jumamosi asubuhi, juu ya benchi la useremala, daktari akamchoma Mnyapara sindano ya usingizi. Akatuonya: kichwa kikitikisika, patasi inaingia kwenye ubongo. Mume wangu ndiye aliyekishika, ila alipoona ngozi inafunuliwa, akakaa chini, macho juu. Fundi mzima!

Nikashika mimi. Mikono yote miwili.

Wakuu, yule kijana aligonga kama anayepasua yai asimwage ute. Anagonga, anafuta damu, anagonga tena, akiizunguka nundu. Mwisho akainyanyua nzima, na kipande cha fuvu. Chini yake niliona utando unapanda na kushuka, kama utosi wa mtoto mchanga. Akavuta nyama juu yake, akashona.

Jirani yangu yuko mlangoni: "Shoga, leo umekumbatia najisi!"

"Najisi inaoshwa. Umbea wako utauosha na nini?"

Ila moyoni nilikuwa na dhiki. Adhuhuri inakaribia, na mate ya mbwa yamenifika viwikoni.

Daktari akainama, akatoa chini ya benchi ndoo ya maji na kopo la udongo safi. Aliviweka mwenyewe, kabla hajashika kisu. Akanimiminia huku anahesabu: "Moja ya udongo, mama... mbili..." mpaka saba, kama dini yetu inavyotaka kwa najisi ya mbwa. Mkristo yule!

Jumatatu balozi akaja na mwenye bunduki wake. Mnyapara, kichwa kimefungwa shuka kuukuu, akambwekea tangu barabarani.

"Huyu kweli alipasuliwa kichwa?" balozi akauliza.

"Kichwa ndiyo," nikamjibu. "Ulimi hatukuugusa."

Mwenye bunduki akacheka, wakaondoka. Mbwa aliishi miaka minne zaidi.

Funzo: nundu ya mnyama ipeleke mapema kwa anayejua, sumu iache. Nanyi wasomi, mkono wa ufundi nimeuona kwa wengi. Aliyeniwekea ndoo kabla sijaomba, nimemwona mmoja.

Haya, nani amewahi kupasulisha mbwa? Andikeni. Atakayeanza bila shikamoo simjibu.