Mustari wa Chokaa Mbele ya Geti

Mimi njo mwenye makosa. Musitafute muntu mwingine. Nimenyamaza miaka yote hii, lakini kifua kinaniuma.

Wakati wa corona, hapa Kalemie, Mama Riziki alijifungia ndani ya parsele yake, nyumba na kiwanja chake, na watoto wane wa sokwe. Wawindaji walikuwa wameua mama zao, yeye akawanyang'anya wale watoto. Alilala mule mule na mabolontere wawili, watu wa kujitolea, hawatoki. Watoto wake wa kuzaa alikuwa anawapungia mukono kwa geti tu!

Alisema: "Hawa sokwe wanashika magonjwa yetu ya kifua. Na kupona ni vigumu kwao."

Chakula nilileta mimi, na kinga yangu, baisikeli ya zamani. Ndizi na mapapai, wamama wa soko walikuwa wananipa. Nje ya geti kulikuwa mustari wa chokaa. Unaweka ndoo pale, unarudi nyuma. Basi.

Siku moja sokoni, Papa Kabwe, muuza samaki, akanipigia kelele mbele ya watu:

"Weye, bwana-arusi wa nyani! Hao njo wanatuletea corona. Iko siku tutachoma ile nyumba!"

Aloo! Damu ikapanda. Muntu akimugusa Mama Riziki, amenigusa mimi!

"Papa, kuja! Kujeni wote, niwaonyeshe!"

Wakanifuata, kundi nzima. Nikavuka mustari. Nikafungua geti. Tumba, mudogo wa wale sokwe wote, akasikia sauti yangu, akanirukia shingoni mwenyewe. Nikashusha kashne, barakoa yangu, nikamubusu mudomo kwa mudomo.

"Muone! Nimekufa?"

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Papa Kabwe akaondoka na aibu yake. Nilishinda, mwee!

Na nilikuwa na siku mbili nakohoa. Nilijiambia ni vumbi.

Mama Riziki akatoka mbio, akamutoa Tumba kwangu. Akanikazia macho.

"Mutoto wangu, uko na kikohozi?"

"Hapana, Mama."

Ile hapana! Ningesema ndiyo, pengine angemutenga, angemupa dawa mapema. Lakini watu walikuwa bado wananiangalia.

Wiki haikuisha. Nikiwa nyuma ya mustari, nikasikia kikohozi ndani. Cha mutoto wa muntu kabisa. Kinakuja, kinanyamaza, kinakuja tena. Kisha siku moja nikaweka ndoo, nikangoja. Kimya.

Nikalia kwa sauti: "Mama, ni mimi! Nilikuwa nakohoa!"

Hakunitukana. Nilitaka anitukane! Alisukuma ndoo tupu mpaka kwa mustari, akasema:

"Kesho usichelewe. Wamebaki watatu."

Leo corona imepita, mvua imekwisha kufuta chokaa. Mama ananiita, "Ingia, mwana." Miguu inakataa. Naweka ndoo palepale mustari ulikuwa, narudi nyuma, na bado nakisikia kile kikohozi.

Vijana wenzangu, mukipenda kusaidia wale wanaolinda wanyama, fanyeni vile wanawaomba, hata soko nzima iwacheke. Na wakikuuliza kama uko mugonjwa, sema palepale! Mimi nilisema wakati Tumba alikuwa amekwisha kuzikwa.