Daftari la Ng'ombe

Sebuleni kwa Method, juu ya redio, ilibandikwa ratiba ya kusoma iliyochorwa kwa kalamu za rangi tatu. Nyekundu ilikuwa ya kusoma, bluu ya kurudia, kijani ya kupumzika. Mgeni aliyekaribishwa chai alionyeshwa ratiba kwanza, watoto baadaye. Ilikuwa ratiba nzuri kweli. Ilikuwa ya nne. Zile tatu za kwanza zilikunjwa sandukuni pamoja na barua tatu za Bodi ya wahasibu, kila moja ikimwarifu kwa lugha ya heshima kwamba hatua ya mwisho hakuivuka.

Huo ulikuwa mwaka 1996. Method alikuwa na miaka thelathini na tisa, karani mwandamizi wa hesabu katika chama kimoja cha ushirika cha wakulima wa tumbaku pale Mpanda, ofisi ikiwa nyuma ya ghala, karibu na stesheni. Watu walimwita "CPA", cheo cha aliyemaliza mitihani hiyo, kwa kutangulia, kama vile mchumba anavyoitwa bwana harusi kabla ya mahari kutolewa. Yeye hakuwakataza.

Kilichokuwa mezani mwaka huo kilijulikana na ofisi nzima. Mzee Telesfori, mhasibu mkuu, alikuwa anastaafu Juni mwaka unaofuata. Halmashauri ya chama iliandika katika muhtasari wake kwamba kiti hicho atapewa mtumishi atakayekuwa amefaulu mtihani wa mwisho wa Bodi. Asipopatikana, ataletwa mtu kutoka Tabora. Method aliusoma muhtasari ule kama barua ya mapenzi: aliona jina lake mahali ambapo halikuandikwa.

Tatizo lilikuwa Kabula.

Kabula alikuja miaka mitatu nyuma kama karani msaidizi, binti wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia Kasansa, kule Mpimbwe. Miaka yake ishirini na sita. Alikuwa hasemi mambo ya mtihani. Aliomba ruhusa mwezi Mei, akaomba ruhusa mwezi Novemba, akarudi na kuendelea kubandika risiti. Siku Mzee Telesfori alipotangaza kwamba watumishi wawili wangesafiri kwenda Mwanza kufanya mtihani wa mwisho Novemba hiyo, Method alitazama huku na huku akimtafuta huyo wa pili.

"Nani mwingine, mzee?"

"Si huyu hapa," Mzee Telesfori akajibu, akielekeza kalamu kwa Kabula. "Au wewe ulifikiri anakwendaga Mwanza kununua samaki?"

Kuanzia hapo Method hakuwa tena mtu wa kusoma. Alikuwa mtu wa kuchunguza anayesoma.

Alianza kwa maswali ya upole. "Dada Kabula, unasoma saa ngapi kwa siku?"

"Inategemea, kaka Method. Nikichoka naacha."

Aliipeleka nyumbani kauli hiyo na kuichambua. Mtu hawezi kuacha anapochoka akafaulu. Kwa hiyo alikuwa anaficha. Mkewe, Matilda, aliyekuwa akichambua mchicha, alimsikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Au labda anaacha anapochoka, Baba Lusia." Method aliona kwamba wanawake wanateteana.

Yeye mwenyewe alisoma kwa nguvu. Kitabu alikianza ukurasa wa kwanza, kila mwaka, na kila mwaka Novemba ilimkuta kwenye sura ya kumi na moja. Sura ya kwanza aliijua kwa moyo, pamoja na shukrani za mwandishi. Alipigia mstari mwekundu mambo ya muhimu, na kwa kuwa hakupenda kudharau jambo lolote, kurasa zilikuwa nyekundu toka juu mpaka chini. Macho yalivutwa na ile mistari michache aliyoisahau. Maswali ya miaka iliyopita alikuwa nayo, yamefungwa kwa kamba ya katani. Hakuyagusa. Alishikilia kwamba maswali ni ya mtu aliyekwisha kuiva, na kwamba kuyajaribu kabla ya wakati ni kujikatisha tamaa bure.

Kabula, kwa jinsi alivyomwona kupitia upenyo wa mlango wa ghala, alikuwa na tabia nyingine. Saa ya chakula cha mchana alikaa juu ya mzani wa marobota ya tumbaku, uliokuwa hauna kazi msimu ukiisha, akivua saa ya mkononi na kuilaza mbele yake. Alifungua swali moja tu. Aliandika haraka, akaitazama saa, akaacha katikati hata kama hajamaliza, kisha akafungua daftari lingine, lenye jalada la kijani, akaandika humo polepole huku midomo ikicheza kama anamsimulia mtu.

Method aliyaona yote hayo. Alichojifunza ni kwamba siri iko kwenye mzani. Siku Kabula alipokwenda benki, alikwenda kuukalia yeye na kitabu chake. Ukamwambia ana kilo sitini na moja. Mengine haukumwambia.

Basi ikabaki lile daftari la kijani.

Mwanzoni mwa Septemba Kabula aliitwa ghafla kupokea mgeni wa ukaguzi, akaliacha juu ya mzani. Method alilichukua. Hakuiba, alijieleza baadaye kwa Matilda ambaye hakuwa amemuuliza. Aliliondoa mahali penye vumbi. Akaliweka kwenye droo yake, akafunga kwa ufunguo, na jioni akaondoka nalo ndani ya gazeti.

Nyumbani alilifungua. Kurasa themanini, mwandiko wa mviringo, safi. Namba chache. Maneno yote Kisukuma.

Method alizaliwa Mpimbwe, akaongea Kipimbwe na Kiswahili, na Kiingereza cha sura ya kwanza. Kisukuma alijua salamu, na neno la ng'ombe, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kukaa na Wasukuma siku mbili asilijue. Neno hilo lilikuwamo katika kila ukurasa.

Jumamosi alikwenda sokoni kumtafuta mtu wa kumsomea. Alimpata Ngusa, mnunuzi wa ng'ombe kutoka Kakese, mzee wa miraba minne aliyejifunza kusoma katika madarasa ya watu wazima na ambaye hajawahi kukutana na maandishi akayapita bila kuyasalimia. Method hakuuliza Ngusa ni wa ukoo gani. Kwake Wasukuma walikuwa Wasukuma.

"Ni ya rafiki yangu," Method alisema. "Nisomee tu, mzee wangu, unieleze kwa Kiswahili."

Ngusa alisogeza gogo, akakaa, akalifungua. Alisoma kimya kwa muda mrefu. Halafu akamtazama Method, akarudi kwenye daftari.

"Haya. Anasema hivi. Baba ana boma lake Kasansa. Mdogo wake yuko Kakese, amekabidhiwa ng'ombe. Boma la Kakese lina ng'ombe kumi na sita. Kumi na wawili wa kaka mtu, wanne wa huyo mdogo mwenyewe. Sasa mtu akiuliza, baba anatawala ng'ombe wangapi?"

"Kumi na wawili, pamoja na wa Kasansa," Method akajibu.

"Hapana. Anasema hesabu wote kumi na sita, kwa sababu neno la mwisho Kakese ni la baba. Halafu chini, pembeni, useme: humu ndani wanne ni wa mdogo. Usimnyime na usimfiche."

Method aliandika hayo kwenye karatasi bila kujua ameandika nini.

"Tena anasema, baba akimuuzia mdogo wake dume kwa bei ya juu, asirukeruke kwamba amepata faida. Dume bado limo mikononi mwao. Hiyo faida ni kelele mpaka siku dume litakapotoka kwenda mnadani kwa watu baki." Ngusa akacheka mwenyewe. "Kweli hiyo. Na huyu dume namfahamu."

"Unamfahamuje dume wa kwenye daftari?"

"Mweusi, mgongo mweupe. Nasema tu, bwana mhasibu."

Jumamosi ya pili walisoma kurasa nyingine za boma la Kasansa na boma la Kakese, mbuzi waliokopeshana, ndama waliozaliwa kabla na baada ya kukabidhiwa. Ngusa alisoma kwa kujinafasi, akirudia. Method alikariri, kwa maana kukariri ndiko alikokujua. Nyumbani alizunguka chumba akitamka kwa sauti: wote kumi na sita, wanne wa mdogo, faida ni kelele.

"Baba Lusia," Matilda akaita kutoka jikoni, "siku hizi unasoma au unachunga?"

Jumamosi ya tatu walifika kwenye maksai wa plau, mwenye pembe iliyokatika. Amenunuliwa ana nguvu, atalima misimu sita, mwisho atauzwa nyama. Kila msimu unaopita uondoe kipande cha nguvu yake, usingoje siku anaanguka shambani ndipo ushangae. Ngusa alisimama hapo akaanza kusimulia jinsi pembe ile ilivyokatika kwenye mti wa mninga.

Method alilifunga daftari. Aliona mwanga. Kabula alijua tangu mwanzo kwamba atachunguzwa. Akaandika upuuzi wa ng'ombe, akauacha mahali pa wazi, ili mtu mwenye akili apoteze wiki tatu. Aliandika ili aibiwe. Kadiri alivyolifikiria ndivyo alivyozidi kuona ustadi wake, na ustadi ule ulimuuma kuliko kitu chochote.

"Basi, mzee. Inatosha."

"Bado kurasa nyingi, bwana mhasibu. Hii ya mbele ni nzuri, ya mtu anakagua boma la mwenzake bila kuamini maneno."

"Inatosha."

Ofisini Kabula aliulizia daftari lake mara moja tu, wiki ileile lilipopotea. "Nyie, hamjaona daftari la kijani?" Watu wakasema hawajaona. Method alisema labda panya. Kesho yake Kabula alikuja na daftari jipya, jeupe, akakaa kwenye mzani, akaanza upya ukurasa wa kwanza bila kunakili popote. Method alihesabu kwa macho: ilimchukua wiki tano. Alifurahi kwamba mwenzake amerudishwa nyuma wiki tano.

Novemba walipanda treni moja, daraja la tatu, viti vya kutazamana. Method alikuwa na vitabu vinne mapajani. Kabula alikuwa na karanga. Tangu Mpanda mpaka Kaliua alitazama miombo inayopita, midomo ikicheza.

"Daftari lako jipya umeliacha?" Method akauliza kwa upole.

"Nimeliacha, kaka. Nimeliandika mara mbili, limeingia. Karanga?"

Alikataa karanga. Ziliendelea kunukia.

Mtihani ulikuwa masomo manne, kwa siku mbili, saa tatu kila somo. Katika matatu Method alifanya alichofanya miaka yote: alijibu swali la kwanza kwa ukamilifu, kwa kurasa tisa, pamoja na historia, na kengele ikamkuta kwenye la pili. La hesabu za makampuni lilimpa taabu ya aina nyingine. Kampuni mama ilikuwa na robo tatu ya hisa za kampuni tanzu, na imeiuzia mali kwa faida, na mali bado iko ghalani. Alisoma mara mbili. Halafu, bila kutaka, akaliona boma la Kakese. Ng'ombe kumi na sita. Wanne wa mdogo. Dume jeusi lenye mgongo mweupe ambalo halijaenda mnadani. Mkono ukaandika wenyewe. Alimaliza dakika ishirini kabla ya wakati, akakaa pale akiwa na hasira.

Matokeo yalikuja Februari kwa posta, bahasha mbili siku moja. Kabula alifungua yake palepale kaunta, akaikunja, akasema "Haya," akaenda kununua vitabu vya vocha za malipo alivyotumwa na ofisi. Mzee Telesfori ndiye aliyemkimbilia na kumrudisha, akimshika mkono kama mkwe. Masomo yote manne.

Method alifungulia yake chooni. Amefaulu somo moja. Hesabu za makampuni.

Juni Kabula alihamia kwenye meza ya Mzee Telesfori, yenye droo tatu na feni. Watu waliacha kumwita Method CPA. Hawakupatana kufanya hivyo, jina lilijifia tu. Kwa wiki mbili alimpelekea Kabula makabrasha kwa kumwachia mlinzi. Wiki ya tatu mlinzi alikuwa likizo.

"Kaa, kaka Method," Kabula alisema. "Hongera ya lile somo. Wengi linawashinda."

"Asante, bosi."

"Baba mdogo anakusalimu. Ngusa wa Kakese. Anasema ulikuwa mwanafunzi mzuri, ila hutaki kusikia habari za pembe."

Method aliangalia viatu vyake.

"Alikwambia lini?"

"Jumamosi ileile ya kwanza. Alikuja mbio na baiskeli, amechukia, anataka nikamshitaki mtu. Nikamwambia amsomee tu."

"Wakati huo mtihani bado."

"Bado."

"Ukaniacha nisome."

"Nilimwambia akusomee mpaka mwisho," Kabula alisema. "Wewe ndiye uliyeacha kwenda. Masomo mengine matatu yalikuwa mbele."

Angemtukana ingekuwa nafuu. Method alitafuta katika uso ule dalili ya kumcheka, apate cha kuchukia akitoka, na hakuipata. Hilo nalo akaliona ni la makusudi.

"Nitalirudisha kesho," alisema.

"Rudisha Novemba, ukimaliza."

Aliporudi nyumbani hakumwambia Matilda. Aliitazama ratiba ya tano, ambayo alikuwa ameshaipaka rangi mbili, akaibandua, akafungia daftari la kijani ndani yake ili watu wasione jalada.

Jumamosi alikwenda sokoni kwa njia ya nyuma, inayopita kwenye ngozi zilizoanikwa. Ngusa alimwona kwa mbali. Hakusalimia. Alisogeza gogo tu, akapangusa miwani kwa pindo la lubega.

"Tuliishia wapi, bwana mhasibu?"

"Pembe," Method alisema. "Kwenye ile pembe."